Ukitoa Kitu, Nafasi Inarudi? Zana za Kujengea Linux Ndogo

Lalamiko linalojirudia kwa wanaobana Linux kwenye ruta na vibodi vidogo ni hili: "Nimefuta nusu ya vifurushi vya programu, hifadhi bado imejaa." Halafu chipu ya hifadhi (flash) inalaumiwa. Chipu haina kosa. Zana ilichaguliwa kwa kuuliza ipi inatoa mfumo mdogo kuliko zote, na hakuna aliyeuliza kama ukitoa kitu, nafasi inarudi.

Ukubwa wenyewe usikukoseshe usingizi, maana zote hapa chini zinaegemea BusyBox, programu moja ndogo inayobeba amri nyingi za Linux, na zinaweza kushuka chini sana. Wala bei, zote ni za bure. Unalipa kwa bando, diski na umeme.

1. Buildroot

Namba moja, na upendeleo wangu siufichi. Inakujengea Linux nzima kutoka kwenye misimbo: menyu moja, amri moja, faili moja mwishoni. Kwa Raspberry Pi 4:

`make raspberrypi4_64_defconfig`
`make menuconfig`
`make`

Imeji, yaani faili la mfumo mzima la kuandika kwenye kadi, utaikuta `output/images/sdcard.img`. Nenosiri la root, msimamizi wa mfumo, liko tupu mpaka uliweke mwenyewe kwenye System configuration, na vifaa vingapi vimewekwa kazini hivyohivyo!

Sasa kasoro. Buildroot inamwaga kila kifurushi ndani ya `output/target` na haijui kukichomoa. Ondoa tiki kwenye Python, ita `make`, na Python ileile inaingia kwenye imeji mpya bila onyo lolote. Kuongeza kifurushi hakuna shida. Kutoa ndiko kunakodai `make clean` na kujenga upya tangu mwanzo, pamoja na zana zenyewe za kukompailia. Ndiyo maana watu wanafuta, wanajenga, wanapima, na namba haisogei.

Maumivu yanapunguzika. Kwenye menyu ya Toolchain chagua External, uchukue zana zilizokwisha kujengwa. Washa `BR2_CCACHE`, itunze yaliyokwisha kukompailiwa yasirudiwe. Elekeza `BR2_DL_DIR`, mahali pa vinavyopakuliwa, kwenye folda iliyo nje ya mradi: `make clean` haigusi vilivyopakuliwa, lakini `make distclean` inafuta folda ya `dl` iliyo ndani ya mradi, na bando lako linaanza upya. Ukipata intaneti nzuri, ita `make source`. Inashusha misimbo yote kwa mkupuo, kisha unajenga bila mtandao. Na kabla ya kukisia kipi kizito, ita `make graph-size`. Inahitaji matplotlib kwenye kompyuta yako, lakini inakuchorea kila kifurushi kimekula kiasi gani.

2. OpenWrt Image Builder

Kwa ruta, chukua hii. Haikompaili kitu, inapanga vifurushi vilivyokwisha kujengwa, na dakika chache zinatosha.

Kosa la kila siku ni kuflashi imeji ya kawaida, kisha kuingia kwenye ruta na kuanza kufuta. Imeji hiyo ni SquashFS, mfumo wa mafaili uliobanwa, haiandikiki. Unachokifuta kinabaki palepale ndani ya `/rom`, na kwenye overlay, sehemu inayoandikika juu yake, inawekwa alama tu kwamba faili hilo lisionekane tena. Alama nayo inakaa mahali. Yaani umefuta, na nafasi imepungua! Tazama `df -h /overlay` kabla na baada, utaona.

Kutoa kufanyike kabla ya kujenga, kwa alama ya kutoa mbele ya jina:

`make image PROFILE="jina" PACKAGES="nano -ppp -ppp-mod-pppoe"`

Jina la PROFILE linatoka kwenye `make info`. Usitoe ppp kama mtandao wako unaingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nenosiri la mtoa huduma. Na unachokihitaji kiingize hapahapa, kwa sababu ndani ya SquashFS kinabanwa vizuri kuliko kikisakinishwa baadaye. Imeji ikizidi chipu, utaona onyo la "too big", na faili la sysupgrade, lile la kusasisha ruta, halitatoka.

3. Alpine, hali ya diskless

Hii ni Linux ndogo iliyokwisha kujengwa, na mfumo wote unakaa kwenye RAM. Futa kifurushi kwa `apk del`, kisha `lbu commit`, na mabadiliko yanaandikwa kwenye faili la `.apkovl.tar.gz`. Nafasi inarudi, ila kama umewasha kache ya vifurushi vilivyopakuliwa, pitisha pia `apk cache clean`. Ukisahau `lbu commit`, umeme ukikatika kazi yote imekwenda.

4. Yocto

Kwa swali langu, hii ndiyo yenye jibu safi kuliko zote: kila mara rootfs, yaani mafaili yote ya mfumo, inapangwa upya kutoka kwenye vifurushi, hivyo ukitoa jina kwenye `IMAGE_INSTALL`, kimetoka kweli. Mbona basi ya nne? Diski. Mwongozo wa toleo la 5.0 unataka GB 90 tupu. `INHERIT += "rm_work"`, inayofuta mabaki ya ujenzi, inasaidia, lakini laptopu ya kawaida itatoka jasho. Waachie wenye seva.

5. Tiny Core

Kufufua kompyuta kuukuu, sawa. Basi.

Sasa wauzaji. Boksi la ruta litakuambia antena ngapi na Mbps ngapi. Flash na RAM, hakuna. Mfano ni ruta ya TP-Link TL-WR841N: toleo la 13 lina flash ya MB 8 na RAM ya MB 64, toleo la 14 likarudi MB 4 na MB 32. Jina ni lile lile, na namba kubwa imeleta kifaa kidogo. OpenWrt wenyewe wanaonya usinunue cha MB 4 na MB 32. Muulize muuzaji toleo, atakujibu "zote sawa". Geuza ruta, soma "Ver" kwenye stika ya chini, na kama boksi limefungwa na hataki lifunguliwe, pesa ibaki mfukoni.

Ya MB 4 kama tayari unayo, `cat /proc/mtd` itakuonyesha sehemu ya firmware ikiwa `003d0000`. Hiyo ni KB 3904, kwa keneli (kiini cha Linux), mfumo na mipangilio yako yote.