Chati ya Ukutani ya Vizazi vya Mwanzo: Maoni ya Mtumiaji

Chati hii inaonyesha vizazi vya Kitabu cha Mwanzo kuanzia Adamu hadi wana wa Yakobo. Nimeitumia kwa miezi kadhaa katika ibada ya jioni ya nyumbani, nayo imenirudisha kwenye sura ambazo kwa miaka mingi nilikuwa nikizipita haraka. Sura ya 5 na ya 11, zenye majina yanayofuatana na hesabu za miaka, wengi wetu huziruka ili tufike kwenye gharika au kwenye wito wa Abramu. Hapa kila mtu amechorewa mstari mnene wa rangi wenye urefu unaolingana na miaka aliyoishi, na mistari yote imepangwa juu ya kipimo kimoja, hivyo jicho linaona mara moja ni nani na nani waliishi wakati mmoja.

Adamu, aliyeishi miaka 930, anaonekana akiwa bado hai Lameki, baba yake Nuhu, alipofikisha miaka 56. Methusela anaitimiza miaka yake 969 katika mwaka uleule wa gharika. Lakini lililonigusa kuliko yote liko chini zaidi. Sura ya 25 inasimulia kwanza kifo cha Abrahamu, ndipo inaeleza kuzaliwa kwa Esau na Yakobo, nami siku zote nilidhani kwamba babu hakuwaona wajukuu hao. Kumbe Abrahamu alimzaa Isaka akiwa na miaka 100, Isaka akawapata mapacha akiwa na miaka 60, na Abrahamu akafa akiwa na miaka 175, basi vijana hao walikuwa wametimiza miaka 15. Hesabu hiyo imo katika maandiko tangu zamani, ila sikuwahi kukaa nikaijumlisha. Maandiko hayasimulii mazungumzo yoyote kati ya babu na wajukuu, lakini sasa ninaposoma juu ya Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, nawaza mtoto ambaye huenda aliisikia ahadi kutoka kinywani mwa yule aliyeahidiwa mwenyewe.

Uchapaji ni safi, na maandishi yanasomeka hata kwa wazee. Kuhusu Tera, hata hivyo, chati ina uhakika kuliko andiko lenyewe. Imeweka kuzaliwa kwa Abramu katika mwaka wa 70 wa baba yake, ilhali Mwanzo 11:26 inawataja wana watatu kwa pamoja, na kwa kuwa Tera alifia Harani akiwa na miaka 205, naye Abramu aliondoka huko akiwa na miaka 75, wako wanaohesabu kwamba baba alikuwa na miaka 130. Tofauti hiyo ya miaka 60 ndiyo inayoamua kama Abramu alizaliwa Nuhu akiwa hai au la. Maelezo mafupi pembeni yangetosha. Yangefaa pia kueleza kwamba hesabu hizi ni za maandishi ya Kiebrania, kwani tafsiri ya Kigiriki ya Septuajinta inasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 230, si 130.

Kasoro inayoniuma ni nyingine. Chati imewaacha akina mama wote, ingawa katika Mwanzo ahadi haimfuati kifungua mimba kwa mazoea: Isaka anatangulizwa mbele ya Ishmaeli, Yakobo mbele ya Esau, Efraimu mbele ya Manase, na mara nyingi jambo hilo haliwezi kueleweka bila kujua ni mama yupi aliyezaa, aliyekuwa tasa au aliyefukuzwa. Ukiwaondoa Sara, Hajiri, Rebeka, Lea, Raheli, Bilha na Zilpa, kinachobaki ni orodha ya warithi, na kilio cha Hajiri jangwani hakina mahali pa kusikika.

Nitaendelea kuitumia, na ninaipendekeza kwa familia yoyote inayosoma Mwanzo pamoja. Kwa penseli nimeongeza majina ya akina mama, na nimechora alama ya pango la Makpela, ambalo Abrahamu alilinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, ambamo Isaka na Ishmaeli walimzika baba yao pamoja. Sara, Rebeka na Lea nimewaandika kando ya alama hiyo. Raheli nimemwandika peke yake, mbali kidogo, kwenye njia ya Efrathi.