Vitenganisha vidole vya silikoni: nyota 3 kati ya 5

Nimetumia aina mbili: kile kinachokaa kati ya gumba la mguu na kidole cha pili, na kile chenye pete ya kuvalishwa kidole kilichojikunja. Vinapunguza msuguano na maumivu, hilo nalithibitisha. Lakini havinyooshi mfupa. Gumba lililokwisha kuelemea wenzake na kutoa nundu pembeni halirudi mahali pake kwa kipande cha silikoni, na wauzaji wanaoahidi hivyo wanawakosea sana wateja.

Kabla hujanunua, shika kidole kilichojikunja ukinyooshe taratibu kwa mkono. Kikikubali, kifaa na mazoezi vitasaidia: kaa kitini, kusanya taulo sakafuni kwa vidole, mara 10 kila mguu, kila siku. Kikigoma, kiungo kimeshakakamaa. Hapo kilichobaki ni pedi ya kukinga sugu juu ya kiungo na kiatu chenye kina mbele. Maumivu yakizidi, ni daktari wa mifupa na pengine upasuaji.

Nyota mbili nilizokata ni za maelezo ya pakiti: hayasemi lolote kuhusu kiatu, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kifaa hiki kinakula nafasi. Ndani ya mchuchumio au kiatu cha ncha, kinasukuma kidole cha pili kimbane cha tatu, na nundu inazidi kusuguana na ngozi ya kiatu. Pima hivi: jioni, mguu ukiwa umetanuka, simama juu ya karatasi, uzungushe penseli iliyosimama wima. Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza nje ya soli, kiatu hicho ndicho kinachokunja vidole vyako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba) ibaki kama sentimita 1. Kwa mitumba, angalia pia soli ilivyobonyea kwa mguu wa mtu mwingine. Kiatu cha ngozi halisi fundi anaweza kukitanua kwa kalibu. Cha plastiki usipoteze hela.

Anza kwa dakika 30 ukiwa na ndala pana, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukiona ganzi au kidole kinabadilika rangi, toa mara moja. Kioshe kifaa kwa sabuni kila siku, kikauke kabisa, kipake poda kidogo, na ukaushe katikati ya vidole pia, maana unyevu ukikaa pale fangasi haichelewi.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia asivae kabla mguu haujakaguliwa kliniki, kwa kuwa kifaa kinaweza kumchubua hadi kidonda bila yeye kuhisi. Na zile plasta za dawa ya kuondoa sugu asiziguse kabisa: zina asidi inayokula hata ngozi nzima.