Regesta Imperii Online: pa kuanzia kwa mfuatiliaji wa ndoa za watawala wa Ujerumani

Shajara nyingi za nasaba za Kijerumani zilizojaa mitandaoni zimenakiliwa moja kutoka nyingine, bila mtu kurudi kwenye hati. Ukitaka kujua kama binti fulani kweli aliolewa na bwana fulani, anzia Regesta Imperii Online. Ni bure na haidai kujisajili. Kazi hii iliasisiwa na Johann Friedrich Böhmer mwaka 1829, na leo iko chini ya akademia ya Mainz. Hati na matendo ya wafalme, tangu Wakarolingi (ukoo wa Karolo Mkuu) hadi Maximilian I, yamefupishwa kwa Kijerumani, kila moja na tarehe na mahali pake.

Kwa kuwa mihtasari ni ya Kijerumani, tafuta kwa Kijerumani: jina pamoja na Gemahlin (mke), Tochter (binti) au Schwester (dada). Punguza wigo wa miaka, la sivyo utazama kwenye akina Heinrich. Jaribu tahajia zaidi ya moja. Ukipata muhtasari usiishie juu. Maelezo ya chini ndiyo yanayotaja chanzo na mahali wataalamu wanapobishana.

Chukua talaka ya mfalme Friedrich Barbarossa na mkewe Adela wa Vohburg, Konstanz, Machi 1153. Sababu iliyotolewa ni undugu wa damu. Wakati huo Kanisa lilikataza ndoa hadi daraja la saba (vizazi saba kutoka kwa mzazi wa pamoja), na halikushusha hadi la nne mpaka 1215. Ukihama kutoka muhtasari hadi maandishi ya Kilatini, yaliyomo katika barua za abati Wibald, unakuta orodha yenyewe: Friedrich alimzaa Friedrich wa Büren, huyo akamzaa mtemi Friedrich aliyejenga Staufen, huyo akamzaa mtemi Friedrich, naye akamzaa mfalme Friedrich. Watano mfululizo, jina moja! Mama mmoja tu anaguswa upande huo, tena bila jina: “binti wa mfalme Heinrich”, yaani Agnes, binti wa Heinrich IV. Upande wa Adela unaanzia kwa Berta, dada wa yule Friedrich wa kwanza. Anayeruka kizazi kimoja hapo huharibu hesabu yote ya madaraja.

Kwa Kilatini tumia dMGH, maktaba ya bure ya mtandaoni ya Monumenta Germaniae Historica, mkusanyo wa maandishi ya kale ya historia ya Ujerumani. Jihadhari na neno nepos: laweza kuwa mjukuu au mpwa, na mti mzima hupinda kwa kulichagua vibaya. Vitabu vya kuombea marehemu vya monasteri kwa kawaida hutaja siku bila mwaka. Tarehe nazo huandikwa Kirumi, kwa kuhesabu nyuma kutoka siku ya kwanza ya mwezi: XVIII kal. Maii ni 14 Aprili. Hiyo ndiyo tarehe ya hati ya ndoa ya kaisari Otto II na Theophanu wa Bizanti, Roma, 972, iliyohifadhiwa Wolfenbüttel, ambamo bibi harusi anapewa, miongoni mwa mengine, abasia ya Nivelles na mashamba yake 14,000.

Udhaifu mkubwa wa Regesta Imperii ni kwamba humfuata mfalme. Ukoo mdogo, hasa wanawake wake, huonekana pale tu ulipogusana naye. Kwa makabaila wa Bavaria na Austria, ongeza Monasterium.net, yenye hati za monasteri. Bila Kijerumani cha kusoma utakwama mapema, maana programu ya tafsiri hubananga vifupisho. Kwa familia za kifalme na za watemi wakubwa, hata hivyo, naipa alama za juu kabisa.