Tulilipia kupelekwa "soko la dunia", nyota 2 na zote ni za dada wa makaratasi

Jina la hii kampuni ya ushauri sitalitaja maana bado tunadaiana nao, ila kama biashara yako ya ndani imekaa vizuri na kuna mtu anakuambia atakupeleka kuuza nje ya nchi ndani ya miezi 6, soma hii kwanza.

Sisi tunashona mikoba ya ngozi. Wiki 3 za mwanzo zilikuwa slaidi tupu, na kiukweli slaidi zilikuwa tamu. Hadithi za waliofeli nje: Walmart, wale wa maduka makubwa ya Marekani, walivyoingia Ujerumani 1997 na wafanyakazi wa kuwachekea wateja, Wajerumani wakabaki wanashangaa hawa vipi, 2006 wakawauzia maduka Metro, kampuni ya Ujerumani, wakaondoka. Target, wa maduka ya Marekani pia, nao wakafungua Kanada 2013 kwa mkupuo, rafu zikawa tupu, 2015 wakafunga maduka yote 133. Sawa. Ila hao Target kilichowaumiza kwa sehemu kubwa ni taarifa za bidhaa kuingizwa vibaya kwenye mfumo, vipimo vya maboksi, vitu vya kijinga kabisa, na hapo ndipo hawa wataalamu walipita mbio.

Na sisi tukaanguka hapo hapo. Mzigo wa kwanza, mikoba 40, karatasi walizotuandalia wao zimeandikwa msimbo wa forodha 4202.22 badala ya 4202.21. Namba moja tu jamani! Lakini .21 ni mkoba wa ngozi na .22 ni wa plastiki au kitambaa, na ushuru unaweza kutofautiana. Forodha wakafungua boksi, harufu ya ngozi hiyo, karatasi inasema kitambaa, mzigo ukalala siku 19 na ghala linachaji kila siku. Hizo tarakimu 6 za mwanzo zinatumika karibu dunia nzima, sio kitu cha kubahatisha.

Halafu kuna hii DAP. Maana yake sisi tunafikisha mzigo lakini ushuru analipa anayepokea. Mwenye duka la jumla haimsumbui, kazoea, ila mtu kanunua mkoba mmoja kwenye websaiti anagongewa mlango anaambiwa lete hela ya ushuru ndio nikupe, nani atakubali? Oda 26, wateja 9 wakakataa, mzigo ukarudi na nauli juu yetu. Ilitakiwa iwe DDP, ushuru tulipe sisi na tuuweke kwenye bei kabisa. Hizo DAP na DDP zinatoka kwenye Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za muuzaji na mnunuzi nani analipa nini, zina masharti 11, walitufundisha labda dakika 5.

Wala hakuna aliyetuambia kwamba mnunuzi wa mtandaoni Umoja wa Ulaya ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, na usipomwandikia mapema kwamba nauli ya kurudisha ni yake basi inakuwa yako. Tulijua mikoba ilipoanza kurudi, mmoja una alama ya rangi ya mdomo kwenye bitana.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa makaratasi pale kwao, hakuwepo hata kwenye slaidi. Anajibu meseji usiku, na mzigo wa pili akahakikisha kwanza tumepata uamuzi wa maandishi wa forodha kuhusu msimbo, ukapita siku 2.

Sasa bosi anataka tuwaongezee mkataba. Mimi nimemwambia tumchukue huyo dada, slaidi wabaki nazo.