Mashine ya kuchomelea kwa waya bila gesi: mashine safi, duka ndilo bovu

Mafundi wenzangu, nina hasira, mnivumilie. Nilinunua mashine ya waya isiyotumia gesi katika duka moja hapa Kisumu mjini. Kazi zangu nyingi ni za nje, na upepo wa ziwa ukianza mchana gesi ya mtungi ya kukinga mshono hupeperushwa yote. Muuzaji akaapa mashine iko tayari, ni kuchomeka stima tu.

Tayari gani? Nilikuwa Nyalenda na geti la mteja. Cheche ziliingia hadi kwenye soksi, waya ikawa inapasukapasuka, mshono ukatoka kama kinyesi cha kuku. Mama mwenye geti amesimama papo hapo. "Fundi, ndivyo litabaki hivyo?" Nilikosa la kumjibu.

Nikairudisha dukani. Yule kijana hata hakuinuka kitini. "Mzee, mashine haina shida. Ni mkono wako." Mkono wangu! Nilikuwa nachomelea kwa rodi pale Kibuye huyu akiwa bado anavaa kaptura ya shule.

Nikafungua kifuniko mbele yake. Nyaya za ndani zilifungwa kwa kazi ya gesi: tochi ya kuchomelea kwenye chanya, ethi, ile ya kubana kwenye chuma, kwenye hasi. Waya hii yenye unga ndani inataka kinyume, tochi iwe hasi. Nikazigeuza hapo hapo, nikakaza nati, yeye anatazama simu. Rola nayo, kigurudumu kinachosukuma waya, ni ile laini ya waya ngumu isiyo na unga. Ukiikaza isiteleze, inaponda waya. Inatakiwa yenye meno. Nilipoiomba akaniuliza, "Meno ya nini?"

Sasa sitadanganya: ikishageuzwa, ni tamu. Rola nimeilegeza kidogo kwa sasa. Waya naiacha itokeze kama sentimita moja na nusu, tochi naivuta, siisukumi, na ganda linatoka kwa brashi. Lile geti nililisaga kwa grainda nikalirudia upepo ukivuma, likashika vizuri. Moshi ni mwingi lakini, msiitumie chumbani.

Nilipanga kuipa nyota moja. Naipa nne. Hapana, tatu, kwa sababu waya waliyonifungia ni E71T-GS, ya mshono wa kupita mara moja tu, na waliniambia inafaa chuma chochote. Chuma kinene cha kupitia mara mbili tatu kinataka E71T-11.

Anayejua pa kupata rola ya meno hapa Kisumu, au hata Nakuru, bila kutukanwa, aniambie.