TAHADHARI: Cherehani "za Kale" Zilizopakwa Rangi Upya Zinazouzwa Lamu

Assalamu alaykum. Ndugu zangu, mafundi wenzangu, na hasa akina mama mnaoshona majumbani, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza cherehani za mkono na za miguu kwa picha za simu, akidai kuwa ni Singer za kale za Uingereza zilizotunzwa na familia moja ya hapa Amu (Lamu). Jina lake silitaji, kwa sababu hulibadilisha pamoja na namba ya simu, na anayejihadhari na jina la leo anaweza kunaswa na la kesho. Utaratibu wake ndio haubadiliki. Huomba nusu ya bei kwa M-Pesa kabla mnunuzi hajaiona mashine, husema kwamba mzigo uko Mombasa na utaletwa kwa basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na boti ikishafika gatini hutaka umalizie fedha zilizobaki kabla ya sanduku kufunguliwa. Ukisita, hukwambia kwamba kuna mgeni wa Shela, kijiji jirani, anayeitaka mashine hiyo hiyo kwa bei ya juu ili aipambie nyumba yake.

Mimi hutengeneza cherehani hapa Langoni, na mashine zake zimefika mezani kwangu kutoka kwa wateja ambao hawajuani. Zipo za namna mbili. Za kwanza ni mashine za Kichina za miaka ya karibuni, zilizoondolewa jina lake, zikapakwa rangi nyeusi na kubandikwa maua ya dhahabu pamoja na nembo ya Singer. Za pili ni Singer za kweli, lakini zilizokwisha kulika ndani, zikafunikwa kwa rangi na mafuta mazito ili zizunguke kwa ulaini kwa muda wa siku chache. Sina neno baya juu ya mashine ya Kichina inayouzwa kwa jina lake, maana Butterfly ya Shanghai imeshona sare za shule na kanzu za Idi katika pwani hii kwa miaka mingi, na vipuri vyake ni rahisi kupatikana. Wizi uko katika kumtoza mtu bei ya kitu cha kale kwa kitu ambacho si cha kale.

Jambo la kwanza la kutazama ni namba. Singer ya kweli ina namba iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia chini ya nguzo, na ukiipitisha ncha ya ukucha utahisi mabonde yake. Mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu peke yake bila herufi. Kuanzia mwaka huo herufi ziliwekwa mbele ya tarakimu, na zile zenye herufi mbili zinazoanza na E, kama EA na zilizofuata, zilitoka katika kiwanda cha Clydebank huko Uskoti kuanzia mwaka 1935. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mashine yenye namba ya EM na kukuapia kwamba ni ya mwaka 1890, huna haja ya kubishana naye, kwani chuma chenyewe kimeshamkanusha. Orodha za namba hizi zinapatikana bure kwenye intaneti, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutafutia. Katika mashine za muuzaji huyu namba ama imezibwa na rangi nzito, ama imeandikwa kwenye kibati kilichogundishwa. Na wateja wangu wawili waliniletea mashine mbili tofauti zenye namba moja, jambo ambalo kiwanda hakifanyi.

Nembo nayo itazame kwa makini. Ile ya kweli ni ya shaba ya njano, ina umbo la yai, na imeshikwa kwenye nguzo kwa vipini vidogo vilivyoingia ndani ya chuma. Hizi bandia zimebandikwa kwa gundi, na kwa joto na unyevu wa Amu gundi hiyo huanza kuachia pembeni. Vilevile tafuta wenzo wa kurudisha mshono nyuma. Singer za nyumbani za karne ya kumi na tisa zilishona kwenda mbele tu, na wenzo huo ulikuja kuwa wa kawaida kuanzia miaka ya 1930, hivyo mashine ya "babu wa babu" inayorudi nyuma kwa kuinua wenzo ni ushahidi wa kutosha kwamba si ya kale hivyo.

Ni vizuri pia kujua aina ya mashine unayouziwa, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaweza kuitumia. Singer za aina ya 27 na 28 zina bobini (kibebeo cha uzi wa chini) ndefu nyembamba inayokaa ndani ya shato (kasha la chuma) yenye ncha kama risasi, nayo huenda mbele na nyuma chini ya sahani. Aina ya 66, pamoja na ndogo yake ya 99, ina bobini ya duara inayowekwa kutoka juu, mbele ya sindano. Aina ya 15, ambayo ndiyo iliyoigwa sana Japani na China, ina bobini ya duara iliyosimama ndani ya kesi yake upande wa kushoto. Zote hizi zinatumia sindano ya 15x1, ambayo pakiti za siku hizi huiandika HAx1 au 130/705H, na inauzwa kila mahali. Lakini ukiuziwa aina ya 12, iliyotoka mwaka 1865, jua kwamba sindano yake ni nyingine kabisa na si ya kupatikana dukani. Hiyo ni ya kuwekwa sebuleni itazamwe, wala haifai kulipiwa bei ya mashine ya kazi.

Sasa hali ya mashine, ambako ndiko hasara kubwa iliko. Rangi mpya inapopulizwa bila kuvua vipande, huziba vitundu vya mafuta vilivyo juu ya mkono na kwenye kitako, na mashine ikikosa mafuta mahali hapo vyuma husagana. Nimekuta nyingine zimemiminiwa mafuta ya gari, na nyingine mafuta ya nazi, ambayo baada ya muda huganda kama gundi na kuifanya mashine kuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla. Cherehani hutiwa mafuta ya cherehani peke yake, yale meupe mepesi, tone moja moja kwenye kila kitundu na kila kiungo.

Kwa sababu hiyo, usikubali kulipa hata shilingi kabla ya kuigusa mashine yenyewe. Inua kichwa kwenye bawaba zake utazame chini, maana rangi huishia juu. Huko ndiko utakakoona kutu ya bahari, nyufa za kitako, na mahali palipochomelewa. Shika nondo inayobeba sindano uitikise mbele, nyuma na pembeni, na ikicheza sana basi imekwisha. Fungua sahani uyatazame meno yanayosukuma kitambaa kama bado ni makali, na uangalie kama tundu la sindano limechanwachanwa na sindano zilizogonga. Zungusha gurudumu kuelekea kwako, kamwe si kinyume, usikilize kama kuna mahali linapokwama katika kila mzunguko. Kisha toa kitambaa chako na uzi wako, ushone juu ya tabaka moja na baadaye juu ya tabaka nne za kitambaa cha marekani. Muuzaji huyu huja na kipande chake kilichokwisha kushonwa, na haijulikani kilishonwa na mashine gani.

Si kila kasoro ni udanganyifu, na haki itendeke. Gurudumu likikataa kuachia sindano wakati wa kujaza bobini, mara nyingi ni washa (kibati cha duara) iliyo chini ya skrubu kubwa ya katikati imerudishwa kinyume, na kuigeuza ni kazi ya dakika chache. Uzi ukilegea chini ya kitambaa, safisha kwanza sahani za kukazia uzi wa juu, kwa kuwa vumbi likiingia kati yake haziwezi kubana.

Wanaouziwa mashine yenye mota wasome kibati cha mota. Umeme wetu ni wa volti 240, na mota zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za volti 110. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na waya wake wa zamani wenye mpira uliopasukapasuka unaweza kumpiga mtu shoti.

Kuna na uzushi wa zebaki nyekundu. Kwa wazee wanaonyemelewa na madalali, muuzaji huyu hunong'ona kwamba ndani ya Singer kuna zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni, na kwamba simu ikisogezwa karibu na sindano na mtandao ukakatika, basi imo. Uvumi huu ulizuka Saudi Arabia mwezi Aprili 2009, na watu walinunua mashine kuukuu kwa makumi ya maelfu ya riyali. Hakuna kitu hicho ndani ya cherehani. Kuna chuma, shaba na mafuta.

Aliyekwisha kununua asiifanyie mashine fujo. Ikiwa imeganda, usilazimishe gurudumu, bali tia mafuta ya taa kidogo kwenye viungo, mbali na moto na mbali na mota, uiache yalainike, uizungushe taratibu, kisha ufute na utie mafuta ya cherehani. Rangi iliyoziba vitundu huondolewa kwa pini. Kama ni Singer ya kweli yenye maua yake ya asili, usiifute kwa spiriti wala thina, kwa sababu vanishi ya zamani huyeyuka na maua huondoka nayo.

Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo na picha za tangazo, mkaandikishe shauri katika kituo cha polisi. Kwa wale waliouziwa mashine yenye nembo ya kughushi, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, na inapokea malalamiko. Na akikupigia kukuahidi kwamba atakubadilishia kwa mashine "bora zaidi" ukiongeza fedha kidogo, kama alivyowaahidi wengine, usitume chochote: mashine ya kwanza huchukuliwa, na ya pili haiji.