Hadithi fupi mbili, Harrison Bergeron au The Pedestrian, ipi inauma zaidi?
Jana kwenye taksi toka Ntinda, hapa Kampala, nimezisoma tena zote mbili, jam ilikuwa ndefu kweli. Harrison Bergeron, ya Kurt Vonnegut ya 1961, inatupeleka mwaka 2081, serikali imelazimisha watu wote wawe sawa, mwenye akili anawekewa redio sikioni impigie kelele asiwaze, mcheza dansi mrembo anavalishwa kinyago na mizigo, halafu mama anaona kwenye TV mtoto wake akipigwa risasi na baada ya muda mfupi hakumbuki hata analia nini. Hapo niliweka simu chini kwanza. The Pedestrian, ya Ray Bradbury ya 1951, ni kimya zaidi, mtu anatembea tu usiku peke yake, gari la polisi lisilo na mtu ndani linambeba. Inatisha ndiyo, lakini huyo angalau bado anajua amenyang'anywa nini. Mimi nachagua ya Vonnegut, yule mama sijamsahau.